Jinsi ya kukalibreti umbali wa galaksi kwenye sarvei kubwa za anga, hatua kwa hatua

Watu wengi wanaoanza hii kazi wanadhani lengo ni kujua umbali wa kila galaksi moja moja. Hapana. Ukianza na hilo wazo utapoteza miezi. Tunachotafuta ni mtawanyo wa kundi zima, ile n(z), yaani galaksi ngapi ziko kwenye kila umbali (z), na hasa wastani wake.

Chukulia muuza samaki anayekisia kilo kwa macho. Mpe samaki mia, kila mmoja atamkosea kidogo, huyu kamzidishia huyu kampunguzia, lakini ukijumlisha hesabu inakaa vizuri tu. Shida inakuja pale macho yake yanapoelemea upande mmoja siku zote, hapo hata umpe samaki milioni kosa halipungui. Kukalibreti ni kutafuta huo mwelemeo na kuurekebisha.

Na kwa nini tukisie? Kwa sababu mizani haitoshi. Mizani yetu ni spektra, ule mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi unaotupa redishifti (z) ya uhakika, yaani jinsi mwanga ulivyonyooshwa kuelekea nyekundu; z ikiwa kubwa galaksi iko mbali. Sasa angalia DES (Dark Energy Survey, sarvei ya nishati ya giza): darubini ya Blanco ya mita 4 kule Cerro Tololo, Chile, usiku 758 kati ya 2013 na 2019, digrii za mraba kama 5,000, na kwenye uchambuzi wa miaka 3 ya kwanza walipima maumbo ya galaksi karibu milioni 100. Nani atachukua spektra milioni 100 za vitu hafifu namna hiyo? Rubin nayo, darubini ya mita 8.4 pale Cerro Pachón, itazidisha hizo namba mara nyingi. Kwa hiyo tuna filta chache tu, tunapima mwangaza kwenye kila filta, halafu kutokana na rangi tunakisia.

Hatua ya 1: Andika kiwango cha kosa unachoruhusiwa

Fanya hivi kabla hujafungua faili lolote. Euclid, darubini ya Ulaya iliyo angani, wanataka wastani wa kila kikapu cha redishifti (kundi la galaksi zenye z zinazokaribiana) ujulikane kwa usahihi wa 0.002(1+z), na kundi la LSST DESC, wanaochambua sarvei ya Rubin, linataka 0.002(1+z) kwa data ya mwaka wa kwanza, kisha 0.001(1+z) ikifika miaka 10. Kwa kulinganisha, DES kwenye ile miaka 3 walikuwa na kosa la kati ya 0.011 na 0.018 kwa vikapu vyao vinne. Ukiwa na hiyo namba mezani utajua kipi cha kuhangaika nacho na kipi cha kuacha.

Kosa likielemea chini, yaani ukidhani galaksi ziko karibu kuliko zilivyo, utategemea lenzi hafifu (maumbo ya galaksi kupindishwa kidogo na maada iliyo njiani) iwe ndogo, sasa ukipima ukaikuta kubwa utasema ulimwengu una mabonge mengi ya maada kuliko yaliyopo kweli. S8, namba inayopima hayo mabonge, inapanda kwa uongo. Sio jambo dogo hata kidogo: KiDS, sarvei nyingine ya lenzi hafifu, walipata S8 ya 0.759 kwenye data yao ya awali, KiDS-1000, halafu 2025 kwenye data yao ya mwisho wakapata 0.815, wakawa wanakubaliana na Planck, setilaiti iliyopima mwanga wa kale wa ulimwengu, na wenyewe walieleza kwamba kalibresheni bora ya redishifti ni mojawapo ya sababu za hayo mabadiliko. Miaka yote watu walikuwa wanajadili kama fizikia mpya inahitajika!

Hatua ya 2: Safisha mwangaza

Rekebisha vumbi la galaksi yetu, hakikisha filta zote zimepimwa kwenye eneo lilelile la galaksi, toa nyota, linganisha rangi za nyota sehemu mbalimbali za anga uone kama kuna kona imehama. Nenda.

Hatua ya 3: Kusanya spektra, na usizitupe zilizoshindikana

Hapa naomba tutulie kidogo maana ndipo nilipoungua. Katalogi za spektra huwa na alama ya ubora, na kila mtu anakwambia chukua zile za uhakika tu. Nikafanya hivyo, nikatreini, grafu ikatoka safi kabisa, nikaja kujaribu kwenye anga la kuigiza ambako majibu nilikuwa nayo, nikakuta wastani wa kikapu cha mbali umeshuka kwa 0.03. Sababu? Mstari wa oksijeni tunaoutegemea unatoka kwenye nanomita 372.7. Galaksi ikiwa kwenye z = 1.4 huo mstari unafika kama nanomita 894, huko hewa yetu yenyewe inang'aa vibaya na vifaa vingi vya spektra vinaanza kuchoka. Kwa hiyo galaksi za z = 1.4 kwenda juu zinashindwa zaidi kuliko za karibu ingawa rangi zao zinaweza kufanana! Ukitupa zilizoshindwa unabaki na za karibu, ni sawa na yule muuza samaki aliyejifunza kilo kwa kupima changu wakubwa tu halafu unamletea dagaa.

Unachofanya: weka orodha ya pili ya zilizojaribiwa zikashindikana, pamoja na rangi zake. Utaihitaji hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Tengeneza SOM

SOM ni ramani inayojipanga yenyewe. Unaipa rangi za galaksi, yenyewe inazipanga kwenye visanduku, zinazofanana zinakaa jirani. Masters na wenzake mwaka 2015 walitumia visanduku 75 kwa 150 kwenye uwanja wa COSMOS, kipande kidogo cha anga kilichopimwa kwa kina, wakaona visanduku vipi havina spektra kabisa, na hapo ndo ikazaliwa C3R2, mradi wa kutumia darubini za Keck kule Hawaii kujaza mapengo kwa makusudi. KiDS walitumia 101 kwa 101. Wewe kwa kuanzia weka 30 kwa 30, laptopu ya kawaida inaweza, maktaba ya MiniSom kwenye Python inatosha.

Halafu usikimbilie kupiga wastani. Fungua visanduku kimoja kimoja utazame. Nikupe mfano wa aina ya kisanduku utakachokutana nacho: galaksi 212, zenye spektra 7. Sita ziko karibu z = 0.2, ya saba inasema z = 3.0. Mkono unawasha kuifuta ya saba, si ndio? Usiifute. Piga hesabu kwanza. Galaksi zenye nyota za zamani mwanga wao unashuka ghafla kwenye nanomita 400, ukiwa z = 0.2 hilo shimo linaonekana kwenye 400 × 1.2 = 480. Galaksi ya mbali nayo mwanga wake unakatwa na haidrojeni kwenye nanomita 121.6, ukiwa z = 3 ni 121.6 × 4 = 486. Nanomita sita tu za tofauti! Kwa filta pana haya mawili ni kitu kimoja, kwa hiyo kisanduku kinaweza kweli kuwa na watu wa aina mbili.

Sasa fungua spektra yenyewe. Kama kuna mstari mmoja tu kwenye 486 unaweza kuwa haidrojeni ya z = 3, lakini unaweza pia kuwa oksijeni ya z = 0.305. Oksijeni ni mistari miwili iliyobanana, kifaa kikali kitaitenganisha. Haidrojeni huwa na umbo lisilo na ulinganifu, upande wa buluu umekatwa, upande wa nyekundu una mkia. Nusu saa ya kutazama, lakini matokeo yake ni makubwa: ukiiacha wastani wa hicho kisanduku ni 0.6, ukiifuta ni 0.2. Galaksi moja hiyo.

Visanduku visivyo na spektra, au ambavyo ile orodha ya zilizoshindikana imejaa, vitoe, na utoe galaksi zote za sarvei zilizomo. Inauma kupoteza data lakini galaksi usiyoweza kuikalibreti haikusaidii.

Hatua ya 5: Pata n(z)

Kila kisanduku kipe uzito kulingana na galaksi za sarvei zilizomo, sio idadi ya spektra, na ukumbuke ule uzito wa lenzi wa kila galaksi (umbo lake limepimwa vizuri kiasi gani), wengi wanausahau. Jumlisha visanduku kwa kila kikapu.

Kama sarvei yako ina filta nne tu, rangi haziwezi kutenganisha vizuri, basi fanya walivyofanya DES: wana viwanja vichache vya kina vyenye filta nane mpaka infraredi, hivyo vinakuwa daraja kati ya spektra na sarvei pana. Ila viwanja vidogo vina hatari yake, pengine umeangukia penye kundi kubwa la galaksi kwenye z fulani na n(z) yako ikaota nundu ambalo sehemu nyingine halipo.

Hatua ya 6: Hakiki kwa njia isiyotumia rangi kabisa

Galaksi hukaa pamoja. Chukua galaksi zenye redishifti ya uhakika, mfano za DESI, sarvei kubwa ya spektra, ambazo zimetolewa bure, zikate vipande vyembamba vya z, kwa kila kipande hesabu ni mara ngapi galaksi zako zinaonekana karibu nazo angani kuliko bahati nasibu ingetoa. Kipande ambacho jozi zimezidi ndiko galaksi zako zilipo. Programu ya TreeCorr inahesabu jozi haraka. Uzuri wake, galaksi za rejea hazihitaji kufanana na zako. Udhaifu wake, galaksi hazikusanyiki kwa kiwango kilekile kila umri wa ulimwengu, na hilo linaweza kuvuta mkia wa n(z), kwa hiyo pima mkusanyiko wa za rejea zenyewe kisha ugawanye.

SOM na hii njia zikitofautiana zaidi ya makosa yake, usichukue katikati. Rudi hatua ya 3, mara nyingi jibu liko kwenye spektra.

Hatua ya 7: Igiza, kisha uandike kosa

Pitisha anga la kuigiza kwenye hatua zote, ukiziharibu spektra za kuigiza jinsi zinavyoharibika kweli, mistari hafifu ishindwe, z = 1.4 kwenda juu zipungue. Rudia kwa viwanja tofauti. Tofauti ya wastani uliopata na wa kweli ndiyo Δz yako, na mtawanyiko wake ndio upana utakaoingia kwenye uchambuzi wa kosmolojia. Kwenye faili la mwisho weka n(z), Δz na upana wake kwa kila kikapu, orodha ya visanduku ulivyotoa, na namba za spektra ulizofungua kwa macho pamoja na uamuzi wako kwa kila moja, ili atakayekuja baada yako akiiona ile galaksi ya z = 3.0 ajue kwa nini imebaki.