Ukienda kuonja mvinyo Ufaransa, anzia kwenye chaza

Ukiwa kusini mwa Ufaransa majira ya joto, usiishie mjini Montpellier. Shuka hadi Bouzigues, kijiji kilicho ukingoni mwa Étang de Thau, wangwa mkubwa wa maji ya chumvi kando ya Mediterania. Hapo chaza hufugwa wakining'inia kwenye kamba majini, maana bahari ile haikupwi na kujaa kama yetu ya Pwani. Wafugaji wengine wana vibanda vyao vya kulia: meza ya mbao, sahani ya chaza waliofunguliwa sasa hivi, kipande cha limau, mkate na siagi. Agizia Picpoul de Pinet, mvinyo mweupe mchachu kidogo kutoka mashamba ya zabibu ya jirani. Vinaendana mno! Na ukimkumbuka pweza wa nyumbani, tafuta tielle ya mji jirani wa Sète, kimkate cha duara kilichojazwa pweza na mchuzi wa nyanya wenye pilipili.

Fika saa sita mchana. Ikigonga saa nane jiko hufungwa, na kubembeleza hakusaidii.

Kwenye sherehe za mvinyo vijijini, mara nyingi unanunua glasi moja mlangoni na kuzunguka nayo meza kwa meza. Kutema baada ya kuonja si utovu wa adabu. Ndoo zimewekwa kwa kazi hiyo. Dereva wenu asinywe kabisa: sheria inaishia gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya. Muulizieni juisi ya zabibu.