Kufundisha watoto kutunga hadithi na mashairi: kuanzia masimulizi hadi nakala safi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa klabu ya uandishi shuleni kwake bila maelekezo yoyote zaidi ya kuambiwa awafundishe watoto kutunga. Unawafaa wanafunzi wa darasa la 5 hadi kidato cha 1, na kazi yake yote inaenea katika muhula mmoja iwapo mnakutana mara moja kwa wiki. Msimamo wangu, ambao utauona katika kila hatua, ni kwamba mtoto hujifunza kutunga kwa sikio kwanza na kwa kalamu baadaye, na kwamba ukurasa mmoja uliorekebishwa mara kadhaa humfundisha mengi kuliko kurasa kumi zilizoandikwa mara moja na kusahauliwa.

Vifaa

Kila mwanafunzi awe na kaunta buku moja, na aandike upande wa kulia tu. Upande wa kushoto uachwe mtupu, kwa kuwa ndiko marekebisho yatakakoandikwa baadaye. Atumie kalamu ya wino, na kifutio kisiingie darasani kabisa. Neno lililokatwa kwa mstari mmoja bado linasomeka, na mara nyingi mwandishi hulirudia akagundua kuwa ndilo lililokuwa bora, ilhali neno lililofutwa halirudi.

Hatua ya 1: Hadithi isimuliwe kabla ya kuandikwa

Wakae wawili wawili. Mmoja amsimulie mwenzake jambo dogo lililotokea nyumbani kwao: siku kitu kilipopotea, siku mgeni alipofika bila taarifa, siku chakula kilipoungua. Jiepushe na mada kubwa kama "Faida za elimu" au "Safari yangu ya Dar es Salaam", kwa sababu mtoto akizisikia huanza kukumbuka alichokisoma badala ya alichokiona.

Baada ya dakika 5, aliyesikiliza aisimulie hadithi hiyo hiyo mbele ya mwenyewe. Yale aliyoyakumbuka ndiyo kiini cha hadithi, na yale aliyoyaruka yawekwe alama, kwani huenda hayana kazi. Usiiruke hatua hii ukidhani inapoteza muda. Watoto wetu wengi wamekua wakisikia "Paukwa!" na kuitikia "Pakawa!", na wanajua vizuri mahali pa kunyamaza ili msikilizaji aulize "Ehe, ikawaje?" Ujuzi huo hupotea mara tu wanapopewa karatasi, usipowasaidia kuuvusha.

Hatua ya 2: Kuandika hadithi ya ukurasa mmoja

Weka sharti la ukurasa mmoja, usiongezwe hata kwa mwanafunzi hodari.

Mwanzo wa hadithi ndio unaohitaji mkono wako zaidi. Wanafunzi waliozoea insha za mtihani wataanza na jua lililochomoza, ndege walioimba, na mwandishi aliyeamka, akaoga, akapiga mswaki na kunywa chai. Usimkaripie mtoto kwa hilo, maana ndivyo alivyofundishwa. Mwambie asome hadithi yake kwa sauti, nawe umsimamishe pale ambapo wenzake wanainua vichwa. Mwanafunzi mmoja alikuwa na sentensi kumi za asubuhi nzuri, kisha ikaja hii: "Bibi alifungua kabati akaona kanga yake ya harusi haimo." Darasa zima liliinua kichwa. Hadithi yake ikaanzia hapo, na katika zile sentensi kumi ilibaki moja tu, iliyoeleza kuwa watu wote walikuwa bado wamelala.

Jambo la pili ni "halafu". Mtoto ataandika "halafu alitoka halafu alimwita jirani halafu walitafuta", na walimu wengi huishia kulipigia mstari neno hilo bila kutoa mbadala. Mbadala umo ndani ya kitenzi chenyewe. Mfundishe kuanza kwa -li- na kuendelea kwa -ka-: "Alitoka, akamwita jirani, wakatafuta." Kiambishi -ka- kimekwisha kusema kuwa tendo hili limefuata lile, hivyo "halafu" halina kazi tena. Hata hivyo, mlolongo mrefu wa -ka- nao huchosha, kwa hiyo mwonyeshe kuukatiza kwa -ki- pale jambo moja linapoendelea huku lingine likitokea: "Walimkuta binamu yake amekaa barazani akimenya chungwa." Hapo msomaji anapata nafasi ya kutazama.

Hatua ya 3: Ubeti mmoja wa shairi

Ninasema ubeti mmoja, na ninausisitizia umoja huo. Baadhi ya walimu hupenda kuanza na utenzi, wenye mishororo (mistari) mifupi ya mizani (silabi) 8, na wengine huanza na shairi huru, lisilofuata kanuni za mizani, ili mtoto asifungwe. Mimi huanza na tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili), pamoja na vina (silabi zinazofanana) vya kati na vya mwisho. Shairi huru nitalifundisha kwa furaha, lakini baadaye, mtoto akishajua anajiweka huru na nini. Kanuni hizi mshairi Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka kitabuni mwaka 1954, na kwa sehemu kubwa bado ndizo zinazofundishwa shuleni.

Vina havitakusumbua. Kitakachokula vipindi vyako ni kuhesabu mizani, na hasa herufi m na n. Mwanafunzi mmoja aliandika ukwapi huu: "Mgeni yuko mlangoni." Alihesabu hivi: mge-ni yu-ko mla-ngo-ni, akapata 7, akaanza kutafuta silabi moja ya kuongeza. Kwa kweli mizani zake zilikuwa 9: m-ge-ni yu-ko m-la-ngo-ni. Alidhani amepungukiwa kumbe amezidisha, na kila alipoongeza neno, shairi lilizidi kuharibika. Mtoto akifika hapo hukata tamaa na kuamini kuwa ushairi ni kipaji cha watu fulani tu, wakati tatizo lake ni la hesabu.

Njia ninayoitumia ni kupiga makofi polepole, kofi moja kwa kila silabi, pamoja na kanuni hizi zilizoandikwa ubaoni muhula mzima:

Herufi m ikifuatwa na konsonanti nyingine yoyote isiyo b wala v, hujisimamia na kuhesabiwa mizani moja: m-to-to, m-la-ngo, a-m-ka, ha-m-si-ni. Usiichanganye na mw au my, kwa kuwa w na y huungana na m na irabu inayofuata: "mwalimu" ni mwa-li-mu, mizani 3.

Herufi m ikifuatwa na b au v, peleka neno katika wingi. "Mbuyu" huwa "mibuyu", hivyo m yake ni kiambishi kinachojitegemea, nalo ni m-bu-yu, mizani 3. "Mbuzi" hubaki "mbuzi", hivyo ni mbu-zi, mizani 2. "Mbunge" ni m-bu-nge kwa kuwa tunasema "wabunge", na "mvuvi" ni m-vu-vi kwa kuwa tunasema "wavuvi". Katikati ya neno, mb huwa kitu kimoja: ka-mba, sha-mba, ku-mbe. Angalia tu m ya mtendwa: katika "alimbeba" inasimama peke yake, a-li-m-be-ba, kwa kuwa katika wingi tungesema "aliwabeba".

Herufi n hushikamana na d, g, j, y na z: nde-ge, ngo-ma, nji-a, nyu-mba, nzi-ge. Ikikutana na ch, t, s au n nyingine, hujitenga: n-chi, n-ta, n-ne, bi-n-ti.

Kanuni ya maneno mafupi huzishinda zote zilizotangulia. Neno linaloanza kwa m au n ikifuatwa na konsonanti (isiyo w wala y), ambalo lingebaki na silabi moja tu, huhesabiwa mbili: m-bwa, m-bu, n-ge, n-zi, n-je. Hapa ndipo hata walimu huteleza, kwa sababu wingi wa "mbwa" ni "mbwa", na kipimo cha wingi kingewadanganya.

Liko bado suala la maneno kama "labda", "daftari" na "askari". Wapo wanaoihesabu konsonanti ya katikati kuwa mizani kamili, la-b-da, na wapo wanaoifunga ndani ya silabi iliyotangulia, lab-da. Mimi huihesabu, kwa sababu ukiliimba shairi taratibu utaisikia ikidai pigo lake. Ukichagua njia ya pili sitagombana nawe, ila chagua moja, iandike ubaoni, na usiibadilishe katikati ya muhula. Njia rahisi zaidi ni kuwaambia wanaoanza wayaepuke maneno hayo kwanza.

Yule mwanafunzi aliposahihisha hesabu yake, "yuko" ikawa "yu", na ukwapi ukatimia. Ubeti wake wote ulikuwa hivi:

Mgeni yu mlangoni, amelowa na kuchoka,
Mama naye yu jikoni, uji wake wachemka,
Mbuzi wetu yu uani, kamba yake yakatika,
Karibu ndani mgeni, jua nalo litatoka.

Utumie ubeti huu kwa zoezi. Una m inayojitenga mwanzoni (mgeni, mlangoni), m inayojitenga katikati (wachemka, yaani wa-che-m-ka), na mb isiyotenganishwa (mbuzi, kamba). Darasa likiuhesabu na kupata 16 katika kila mshororo, basi limeelewa.

Kuhusu inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani zitoshe, ruhusu moja tu katika kila ubeti. Ni haki ya mshairi tangu zamani, lakini mtoto akiachiwa ataandika maneno ambayo hata yeye hatayatambua baada ya wiki.

Hatua ya 4: Kurekebisha

Acha wiki nzima ipite kati ya kuandika na kurekebisha. Hadithi na ubeti vikiwa bado moto kichwani, mwandishi husoma alichokikusudia badala ya kile kilichopo kwenye karatasi.

Kazi isomwe na mtu mwingine kwa sauti, huku mwandishi akifuatilia katika kaunta buku yake akiwa kimya kabisa. Kila mahali msomaji anapokwama, anaporudia sentensi au anapoweka mkazo mahali pasipo pake, mwandishi aweke nukta pembeni. Asijitetee wala asieleze alimaanisha nini. Kama mna simu, rekodi usomaji huo, kwa kuwa watoto wenye haya hupenda kuusikiliza wakiwa peke yao kabla ya kukubali kuwa sentensi ni ndefu mno.

Marekebisho yafuate mpangilio. Mara ya kwanza mwandishi ashughulikie mambo makubwa tu: hadithi inaanzia mahali pake, kuna kilichorukwa, kuna kinachoweza kutolewa bila msomaji kukikosa. Mara ya pili aende sentensi kwa sentensi. Tahajia na alama za uandishi zije mwisho, na hapa ninawasihi walimu wenzangu wajizuie kwa dhati. Ukianza kwa kusahihisha "l" na "r", mtoto atajifunza kuwa kurekebisha ni kuondoa makosa, na ataandika upya kwa unadhifu hadithi ambayo bado inaanza mahali pasipofaa. Kalamu nyekundu iache ofisini. Andika maoni yako kwa penseli, katika ukurasa wa kushoto, na yawe maswali: "Bibi alisema nini alipoona kabati tupu?" Maswali mawili au matatu yanatosha kwa ukurasa mmoja.

Urudie ule ubeti wa mgeni uone jinsi kazi hii inavyofanyika katika shairi. Mizani zilikuwa sawa na vina vilikuwa sawa, na mwalimu mwingine angeweka alama ya vema na kuendelea. Mimi nilimwomba mwandishi ataje maneno yote yenye kina cha mwisho: kuchoka, wachemka, yakatika, litatoka. Yote ni vitenzi. Vitenzi vya Kiswahili huishia kwa sauti zinazofanana kwa wepisi mno, na mtunzi asipoangalia, kina humchagulia jambo la kusema. Nikamwuliza: huyo mbuzi wa uani, kamba ikikatika, anafanya nini? Akafikiri, akajibu kuwa mbuzi wa kwao hula kila kinachoanikwa. Mshororo wa 3 ukawa:

Mbuzi wetu yu uani, anatafuna mashuka,

Uhesabu: a-na-ta-fu-na ma-shu-ka, mizani 8. Kina ni kile kile, lakini safari hii ni nomino, nasi tunamwona mbuzi akiwa na shuka mdomoni. Kwa hiyo sharti ninaloliweka katika marekebisho ya shairi ni kwamba angalau neno moja kati ya vina vinne vya mwisho liwe nomino ya kitu kinachoonekana au kushikika.

Mwanafunzi akikataa pendekezo lako na anaweza kutoa sababu, mwachie. Kazi ni yake.

Hatua ya 5: Nakala safi

Ainakili kazi kwenye karatasi mpya kwa mwandiko wake mwenyewe, aandike jina lake na tarehe, kisha aitoe nakala ya rasimu ya kwanza na kuibana nyuma ya ile safi kwa stepla. Zibandikeni ukutani zikiwa zimebanwa hivyo hivyo, kwa kimo ambacho wanafunzi wa madarasa ya chini wanaweza kufikia, ili anayesoma nakala safi afunue na kuiona rasimu iliyotangulia.