Kabla ya Kununua Kingamwili ya Kipokezi cha Estrojeni: Mambo ya Kuzingatia

Anayekusudia kuchunguza kipokezi cha estrojeni (protini ya seli inayoipokea homoni hiyo) kwa kingamwili, yaani protini inayotambua na kushika protini nyingine mahususi, hana budi kuamua mapema anakusudia kipokezi kipi, kwa kuwa viko viwili, alfa na beta, na kila kimoja kina jeni yake. Alfa hutokana na jeni ya ESR1 iliyo katika kromosomu ya 6. Ina asidi amino 595 na uzito unaokaribia kilodaltoni 66 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Beta, yenye asidi amino 530, hutokana na jeni ya ESR2 katika kromosomu ya 14, nayo ilitambuliwa mwaka 1996 na watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi walipokuwa wakichunguza tezi dume ya panya. Kuandika katika pendekezo la utafiti kwamba utapima "kipokezi cha estrojeni" bila kutaja ni kipi ni kuanza safari bila kujua uendako.

Kazi ya vipokezi hivi inapaswa kueleweka kabla ya kugusa chupa yoyote, maana ndiyo inayokuambia uitafute protini hiyo wapi na lini. Binadamu ana vipokezi 48 vya jamii hii inayofanya kazi ndani ya kiini cha seli. Estrojeni huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya utando wa seli bila kuhitaji mlango maalumu. Inapokikuta kipokezi, hukibadilisha umbo, na vipokezi viwili hushikana jozi, vikaing'ang'ania DNA kwa vidole vyenye zinki na kuita protini nyingine zinazowasha au kuzima jeni. Ndivyo mfuko wa uzazi unavyojiandaa kila mwezi, ndivyo matiti yanavyokua na mifupa inavyobaki imara, na ndivyo pia saratani nyingi za matiti zinavyopata msukumo wa kukua. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, hufanya kazi kwa kukalia nafasi ya homoni hiyo katika kipokezi, kwa hiyo jibu la maabara kuhusu alfa ndilo linaloamua kama mgonjwa atapewa dawa hii, ambayo kwa bahati njema si ghali na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Baada ya hapo, uliza kingamwili unayotaka kununua inatambua sehemu gani ya protini. Sehemu inayoshika DNA inafanana kati ya alfa na beta kwa zaidi ya asilimia 90, na kingamwili iliyotengenezwa dhidi yake inaweza kuviona vipokezi vyote viwili kama kimoja. Mwanzo wa protini ndio unaotofautiana sana. Hata hivyo, kuchagua mwanzo huo nako kuna gharama, kwa sababu lipo umbo fupi la alfa, lenye uzito wa kilodaltoni 46, ambalo limekosa asidi amino 173 za mwanzo, na kingamwili inayotambua eneo hilo haitaliona kabisa. Kwa mfano, kloni (kingamwili ya aina moja inayotoka katika ukoo mmoja wa seli) 1D5 ya panya hutambua upande wa mwanzo, ilhali kloni SP1 ya sungura hutambua upande wa mwisho. Iwapo kloni hizo mbili zitatoa majibu tofauti katika sampuli ileile, usikimbilie kulaumu mtengenezaji. Huenda kila moja imesema kweli kuhusu kipande inachokijua.

Jambo ambalo mimi ningelitilia mkazo kuliko mengine yote ni uthibitisho wa kingamwili yenyewe, na kisa cha beta kinaonyesha sababu. Kwa miaka ishirini hivi zilichapishwa makala nyingi zilizoieleza beta katika tishu za matiti, nyingine zikiisifu kwamba huzuia uvimbe, nyingine zikidai kinyume chake. Mwaka 2017 watafiti wa Uswidi walizipima kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika, wakakuta ni moja tu, PPZ0506, iliyoitambua beta kwa uhakika. Walipoitumia hiyo, beta ilionekana katika korodani na ovari, lakini si katika titi la kawaida, wala katika sehemu kubwa ya saratani za matiti. Karatasi ya maelezo ya muuzaji, basi, haitoshi hata kidogo. Andaa mapema seli zinazojulikana kuwa na alfa, kama MCF-7, ambazo jina lake limetokana na wakfu wa saratani wa Michigan nchini Marekani, na seli zisizo nayo, kama MDA-MB-231. Ukiweza, ongeza MCF-7 ambazo jeni yake ya ESR1 imenyamazishwa: protini zikitenganishwa kwa uzito, mstari wa kilodaltoni 66 usipofifia hapo, kingamwili hiyo inashika kitu kingine.

Wanaofanya kazi na seli hai wakumbuke pia kwamba estrojeni yenyewe hupunguza kiasi cha alfa, kwa kuwa kipokezi kilichoamshwa huharibiwa na seli. Seramu, yaani majimaji ya damu yanayolisha seli maabarani, ina homoni, na hata rangi nyekundu ya fenoli inayowekwa katika maji ya kukuzia ina tabia ya estrojeni kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo seli hukaa siku kadhaa katika maji yasiyo na rangi hiyo, yenye seramu iliyochujwa kwa mkaa, kabla ya jaribio kuanza.

Kwa upande wa tishu za wagonjwa, makosa mengi hutokea kabla kingamwili haijafunguliwa. Tishu inapaswa kutiwa katika formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa 1 tangu ikatwe, na ikae humo kwa saa 6 hadi 72. Uvimbe mkubwa ukitumbukizwa mzima, formalini haifiki katikati kwa wakati, na kipokezi kilichokuwapo huonekana hakipo. Kwa hospitali ya wilaya inayosafirisha sampuli hadi mjini, maelekezo haya yafike kwa daktari wa upasuaji kabla ya siku ya upasuaji, pamoja na chombo kipana na formalini ya kutosha. Saa ya kukata na saa ya kutia katika formalini ziandikwe kwenye fomu. Katika kila mzunguko wa kupaka rangi iwepo tishu ya ulinganisho, kwa mfano ya shingo ya kizazi, na rangi ihesabiwe ndani ya viini tu, kwani rangi ya kahawia inayoonyesha kingamwili, ikisambaa nje ya kiini, haina maana hapa. Chini ya asilimia 1 ya viini vya seli za saratani huitwa hasi, na tangu mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020, asilimia 1 hadi 10 huripotiwa kuwa chanya ya kiwango cha chini.

Yaliyobaki ni ya ghalani. Kingamwili ya pili, ile inayoshika ya kwanza ili ionekane, ilingane na mnyama aliyetoa ya kwanza. Kingamwili inayohifadhiwa kwenye friza igawanywe katika mirija midogo siku inapofika, ili isiyeyushwe na kugandishwa tena kila umeme unapokatika au kila mtu anapoihitaji. Jina la kloni, namba ya kundi la uzalishaji na kiwango cha kuzimulia viandikwe daftarini, na kundi jipya likifika lipimwe sambamba na la zamani kabla la zamani halijaisha.