Baiskeli ya zamani ya mbio: ichague Ulaya ukiifikiria Lubumbashi

Wewe uliye Brussels au Lille utazikuta sana kwenye masoko ya mitumba: baiskeli za mbio za chuma za miaka ya 1970 na 1980, nyepesi, na mara nyingi bei yake si kubwa. Kama unataka kuja nayo Lubumbashi, au kumtumia mdogo wako wa Katuba, rangi na jina vingoje kwanza. Uliza hivi: tairi likipasuka, fundi wa kule atapata jingine?

Soma ubavuni mwa tairi. Kuna namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 25-622. Ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita, pale tairi linapokaa. Magurudumu mengi ya mbio ni 622. Baiskeli nyingi za Kiingereza za wakati ule, pamoja na zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ni 630, yaani inchi 27. Zile kubwa za muundo wa India na China, wanazobebea makala (makaa), ni 635. Hapa ndipo pesa za watu hupotea, maana tairi la 622 na la 635 yote mawili huandikwa 28, yaani inchi. Muuzaji atakuapia kwamba ni saizi moja, naye anasema kwa nia njema. Tairi la 635 litapwaya kwenye rimu ya 622 na kuchomoka.

Chukua 622, na uweke mzigoni matairi mawili ya akiba na tyubu zake. Ukipenda baiskeli ya 630, inawezekana kuifungia magurudumu ya 622: raba za breki zitashuka milimita 4 tu, ila hakikisha mikono ya breki ina nafasi ya kushuka hivyo. Utapata pia nafasi ya tairi nene zaidi na madigadi, na kwa matope mekundu ya masika madigadi si pambo. Lenga tairi la milimita 28, au 32 fremu ikiruhusu. Matairi ya kushonwa yanayobandikwa kwa gundi yaache huko huko pamoja na rimu zake.

Sasa fremu. Kibandiko cha Reynolds 531 au Columbus, majina ya mabomba bora ya chuma, ni dalili nzuri. Kama kimebanduka, chomoa nguzo ya kiti usome kipenyo chake kwa milimita: 27.2 mara nyingi ni bomba jembamba la chuma bora, ingawa fremu nzuri ya Kifaransa yaweza kuwa na 26.4. Nguzo ikikataa kutoka, usinunue. Alumini iliyogandia ndani ya chuma ni kazi ya siku nzima. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na shingo. Rangi ikiwa na mikunjo, baiskeli iligonga mbele.

Kwa baiskeli za Kifaransa za kale kuna tatizo la nyuzi za skrubu. Pedali zake ni milimita 14, wakati za kawaida ni inchi 9/16, na ekseli ya katikati ya fremu, inayoshika mikono ya pedali, nayo ina nyuzi zake. Hata Ulaya vipuri hivyo hutafutwa. Mimi ningeiacha, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Gia za 52 na 42 mbele, na friwili ya meno 13 hadi 21 nyuma, zilitengenezwa kwa miguu ya mashindano. Funga friwili ya 14 hadi 28. Kibadilisha gia kifupi cha zamani mara nyingi hakiifikii, basi nunua kirefu. Usukani wa kunyooka unafaa zaidi kati ya teksi na pikipiki, lakini unahitaji vishikio vyake vya breki.

Mwambie mdogo wako jambo moja kwa msisitizo: fremu ya 531 ikipasuka isichomelewe kwa umeme, maana moto ule unadhoofisha bomba jembamba. Aitafutie fundi wa gesi anayeunga kwa brasi. Na gunia la makala lisipandishwe humo kamwe.

Kabla ya kufunga sanduku, paka grisi nguzo ya kiti, shina la usukani na nyuzi za pedali.