SOMO: Kuvunja kwadratiki kwa vigawo, naandika mara moja tu

Upimaji wa Kidato cha Pili ukinukia, simu yangu inajaa picha za madaftari. Huku Mwanga, Kigoma, hata nikienda gengeni kununua dagaa nashikwa mkono: "Mwalimu, hili la mabano mawili linakwendaje?" Nimechoka. Atakayeuliza tena namtumia hili.

Kwadratiki ni usemi ambao kipande chake kikubwa ni cha x²; kuivunja ni kuiandika kama mabano yanayozidishana. Tuvunje 6x² − 7x − 3.

1. Panga: x² mbele, x katikati, namba tupu mwisho.

2. Kama kuna kigawo cha shirika, yaani kinachogawa vipande vyote, kitoe nje. Hapa hakuna. Kikiwepo kibaki nje hadi jibu la mwisho, kama ile 2 ya 2(x² + 5x + 6). Wengi huisahau njiani.

3. Zidisha namba ya mbele na ya mwisho, pamoja na alama zake: 6 × (−3) = −18.

4. Tafuta namba mbili: zikizidishwa −18, zikijumlishwa −7. Ni 2 na −9.

5. Pasua kipande cha kati: 6x² + 2x − 9x − 3.

6. Gawa mafungu mawili. Hapa ndipo nilipozama mimi. Fungu la kwanza halina shida: 2x(3x + 1). La pili ni −9x − 3. Nikatoa −3 nje, na kwa haraka nikaandika −3(3x − 1), kwa sababu niliona alama ya kutoa mbele ya 3 nikaihamisha ilivyo. Mabano yakagoma kufanana. Badala ya kurudi nyuma nikafuta swali zima, nikaanza kubahatisha namba nyingine mpaka kengele ikalia. Ukitoa hasi nje, KILA alama ndani inageuka: −3 ÷ −3 ni +1. Sahihi ni −3(3x + 1). Mabano yasipofanana usilazimishe wala usifute, kagua alama za fungu la pili kwanza. Na bano likibaki peke yake, andika 1 mbele yake; ukiliacha tupu utalipoteza.

7. Kusanya: bano linalofanana liandike mara moja, vilivyo nje (2x na −3) viwe bano la pili: (3x + 1)(2x − 3). Zidisha urudi ulikotoka.

MASWALI

— Mkuu, naomba jibu la 2x² + 7x + 3, nakusanya kesho.
Hatua ya 3. Anzia hapo.

— Njia yako ina kasoro. Mimi nimepata (3x − 1)(2x + 3) na ni sahihi.
Zidisha. Umepata +7x katikati. Hatua ya 7 sikuiweka kama pambo.

— Shikamoo mwalimu. Nafanya lakini sielewi, kwa nini tunazidisha ya mbele na ya mwisho?
Marahaba mwanangu, hili ndilo swali. Fungua (3x + 1)(2x − 3). Kipande cha kati kinatoka sehemu mbili: 3 × (−3), yaani −9, na 1 × 2, yaani 2. Sasa zizidishe hizo mbili: 3 × (−3) × 1 × 2. Zipange upya: 3 × 2 ni 6 ya mbele, 1 × (−3) ni −3 ya mwisho. Kwa hiyo −18 ilikuwa imefichwa katikati tangu mwanzo. Jaribu na mabano yako mwenyewe, uniambie.

— Nikikosa hizo namba mbili je?
Huenda hazipo. Chukua ya kati mara yenyewe, toa 4 mara ya mbele mara ya mwisho. Kwa swali letu: (−7) × (−7) toa 4 × 6 × (−3), yaani 49 + 72 = 121, ambayo ni 11 × 11, basi inavunjika. x² + 4x + 2 inatoa 8, ambayo haina kipeuo kamili. Usihangaike na namba nzima.

— Mimi nauza mawese Kibirizi, haya yananihusu nini?
Madumu 48 kwa 52,000, tuseme. Weka elfu pembeni, ibaki 48 × 52. 48 ni 50 − 2, na 52 ni 50 + 2. Ni mabano mawili, (50 − 2)(50 + 2), na vipande vya kati vinafutana. Basi 2,500 toa 4: 2,496. Rudisha elfu. Milioni mbili, laki nne na tisini na sita elfu, bila kikokotoo.

— Eeh! Na 47 kwa 53?
2,491. Dumu umefikisha bei gani wiki hii?