Kitabu kimoja, watoto watano

Wazazi wa Lamu, msingoje kila mtoto awe na kitabu chake cha sayansi. Kimoja chawatosha watoto wanne watano wakikaa barazani baada ya alasiri. Mmoja asome ukurasa kwa sauti, kisha wenzake wamuulize, naye ajibu kwa maneno yake bila kuchungulia kitabu. Hapo ndipo utajua nani ameelewa na nani amekariri tu.

Anzeni na sura ya mwezi na bahari, maana jambo lenyewe wanaliona kila siku. Wakishasoma, mtu mzima awapeleke gatini maji yakijaa kabisa, wahesabu vidato vilivyobaki vikavu na waandike saa. Kesho yake maji yatajaa kama dakika 50 baadaye. Kwa nini? Waacheni wabishane, tafadhali, msiwakimbilie na jibu; ubishi huo una faida kuliko kurasa kumi. Warudi tena siku moja mbili baada ya mwezi mpevu: bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida, litakuwa limemeza vidato zaidi. Mvuvi akipita, wamuulize, elimu ya maji anayo.

Na zamu ya kusoma izunguke, hata kwa mdogo anayesoma silabi moja moja.