Ramani yako ya Foundry ikiwa giza tupu

Wazee mnaoendesha D&D kwenye Foundry (programu ya kuchezea mtandaoni magemu ya kuigiza wahusika kama Dungeons & Dragons), kabla hujaanza kuwalaumu wachezaji eti skrini zao mbovu, bonyeza tokeni (alama ya mhusika kwenye ramani) ya mmoja wao kwanza uone anachokiona yeye, maana wewe mwendesha gemu usipochagua tokeni unaona ramani nzima kweupe na unadhani kila mtu yuko hivyo. Mi nilikaa karibu saa nzima naelezea pango zuri kumbe wenzangu wanatazama weusi tu, hakuna aliyesema kitu 😅

Kingine kinachokosewa sana ni mwenge. Kwa sheria za 5e (toleo la tano la D&D) mwenge unatoa mwanga mkali futi 20 na mwanga hafifu futi 20 zaidi, sasa watu wanajaza 20 na 20, halafu wanashangaa ule mwanga hafifu haupo. Foundry inapima zote mbili kuanzia katikati ya tokeni, kwa hiyo jaza 20 na 40. Roll20, programu nyingine ya aina hii, ndo yenyewe inaongeza juu ya ile ya kwanza, ukihama huku na huku utachanganyikiwa.

Kiwango cha giza cha ramani (Foundry inaiita scene) nacho usikipeleke mpaka 1, yaani giza kamili, kwa kila ramani, usiku wa nje mi naweka kama 0.6 hivi, watu bado wanaona miti na njia. Na kuta chora mstari wa kuzuia kuona upite katikati ya unene wa ukuta, sio ukingo wa ndani, hapo mchezaji anaona mawe yenyewe badala ya chumba kukatika ghafla.